Bwawa likishuka: mgao wa zamu au kupunguza presha?

Mwanzisha mada: Kiangazi kimekaza na bwawa linashuka kila wiki. Wengine wanataka mgao wa zamu, siku mbili maji, siku mbili makavu. Mimi nasema hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa. Bomba likikauka, kila ufa unavuta maji machafu ya udongoni. Yakifunguliwa tena kwa kasi, hewa iliyonaswa na kishindo cha maji hupasua viungo. Mnaokoa maji Jumatatu, Jumatano yanamwagika barabarani. Afadhali yatoke saa zote kwa presha ndogo.

Fundi Mita: Naunga mkono, ila tuseme ni presha ndogo kiasi gani. Kwenye mtandao uliochakaa, uvujaji hupungua karibu sambamba na presha. Presha hupimwa kwa mita, yaani urefu ambao maji yanaweza kupanda. Itoe mita 50 hadi 35, yaani punguzo la asilimia 30, na uvujaji utashuka karibu kiasi hicho. Mabomba ya plastiki yenye nyufa ndefu hushuka zaidi. Gawa mtandao kwa kanda, kila kanda iwe na njia moja ya kuingizia maji yenye chujio, mita na valvu ya kupunguza presha. Soma mita kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wamelala: ukitoa matumizi machache ya usiku, kinachobaki kinavuja. Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni valvu ya mpakani isiyofunga vizuri, maji ya kanda jirani yanapenya. Na chujio lisiposafishwa, takataka zikijaa presha inaporomoka na watu wanailaumu valvu bure.

Mlinzi wa Bwawa: Wakuu, hayo yote sawa, lakini hayo ni mabomba. Njooni bwawani. Bwawa ni kama bakuli: mita moja ya juu ina maji mengi kuliko mita moja ya chini, hivyo kwa matumizi yaleyale kina kinashuka haraka zaidi kadiri tunavyoendelea. Maji yaliyo chini ya mdomo wa kuchotea hayatoki bila pampu, na huko chini ni tope. Cape Town mwaka 2018 walipanga kukata maji ya mabomba pindi mabwawa yakifika asilimia 13.5 ya ujazo, kwa kuwa asilimia 10 ya mwisho ni taabu kuichota. Ongezeni mvukizo: milimita 5 kwa siku kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 5, kila siku. Kazi ya kanda na valvu haikamiliki kwa wiki moja. Mgao unaweza kuanza hata kesho.

Mwanzisha mada: Mkuu, Cape Town hiyohiyo haikufika kukata maji. Waliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia Februari 1, 2018, wakapunguza presha, na mvua ikawakuta bado wana maji.

Bi Koki: Na majumbani je? Mgao ukianza, koki zinaachwa wazi. Maji yakirudi usiku yanafurika. Kabla ya kugombana, dondosheni rangi ya chakula kwenye tangi la choo, msivute maji kwa dakika 15. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechakaa au umekaa upande. Kama maji yanaingia kwenye bomba la kufurikia, shusheni boya hadi yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wake. Tofali msitie humo, linamomonyoka na vipande vinazuia mpira kufunga. Tumieni chupa iliyojaa maji. Sasa Fundi, hiyo presha yako, wa mlimani atapata tone?

Fundi Mita: Atapata, Bi Koki, kama kipimo kiko kwake. Valvu hairekebishwi kwa kusoma geji ya pale ilipo. Geji nyingine iwe mahali pa juu kabisa pa kanda, na saa 1 asubuhi, matumizi yakiwa kileleni, isomeke angalau mita 10 hadi 15. Kanda ikiwa na mlima na bonde, igawanywe mara mbili, la sivyo bonde linavuja ili mlima upate.

Mlinzi wa Bwawa: Hapo tunaelewana kidogo. Lakini nataka kiwango kiandikwe leo: kina kikifika wapi, mgao unaanza bila kikao kingine?