Raspberry Pi 4 inagoma kurekodi kwa saundikadi ya USB, msaada tutani

besi_la_pili
Habari wakuu, msaada tutani. Nina Pi 4 (kale kakompyuta kadogo ka bodi moja) ya RAM GB 2, nimeweka OS Lite ile isiyo na desktopu, nataka irekodi mazoezi ya kwaya maana simu inatumeza sisi wa besi wote. Saundikadi ni ya inputi mbili, amri ya kurekodi, arecord -l, inaiona fresh kama kadi 1 ila nikipiga arecord -D hw:1,0 -f cd jaribu.wav inaniambia "Sample format non available" basi ndo mwisho. Kituko kingine nikiwasha 48V (umeme unaolisha maiki) ya maiki ya kondensa saundikadi inapotea kabisa hata lsusb inayoorodhesha vifaa vya USB haina habari nayo. Umeme natumia chaja ya simu. Draiva ya Linux naipata wapi?

fundi_waya
Mkuu draiva unayo tayari, la sivyo arecord isingeiona, ni snd-usb-audio imo humo humo kwenye keneli (moyo wa Linux). Soma mstari unaofuata chini ya hiyo erori, nadhani utakuta S32_LE (biti 32) peke yake, na wewe kwa -f cd unaidai biti 16. hw haibadilishi chochote, inakupa kilichopo. Weka plughw:1,0 ALSA (mfumo wa sauti wa Linux) ikugeuzie.

nauza_used
Kwani laptop used bei gani jamani, mateso yote haya ya nini

dada_miksa
@nauza_used kauliza Pi ajibiwe Pi 😂
Besi, hiyo ya 48V ni umeme. Poti zote nne za USB za Pi 4 zinagawana 1.2A, na chaja ya simu ikizidiwa volti zinashuka vitu vinajizima. Washa 48V halafu piga vcgencmd get_throttled, ukiona 0x0 nimekusingizia, ukiona 0x50005 umeme unakufa hapo hapo. Tafuta adapta ya 5.1V 3A, na waya mnene mfupi, vile vyembamba vya mezani stendi vinakula volti njiani. Ikigoma bado chukua habu ya USB yenye adapta yake.

besi_la_pili
Dada ni 0x50005 kweli! Nimeazima adapta ya 3A 48V inawaka na haizimi, na plughw imekubali, asanteni sana. Ila nimeriboti saundikadi imehamia kadi 3, sasa skripti yangu ya kurekodi inatafuta kadi 1 haioni kitu

fundi_waya
Namba huwa zinahama, HDMI nazo zinahesabiwa kadi. Tumia jina, piga arecord -L kwa L kubwa utaona kitu kama plughw:CARD=USB,DEV=0, hiyo ndo uweke kwenye skripti. Na -f cd itoe, andika -f S32_LE -r 48000 -c 2 upate sauti kamili, ila saa moja inakula kama GB 1.4 kwa hiyo cheki memori kadi yako kabla kwaya haijaanza.