Nyota kwenye amri: aifungue sheli, kompaila au programu yenyewe?

fundi_picha: Wakuu habari za saa hizi. Nina kaprogramu ka Python kanapunguza ukubwa wa picha, kwenye Linux naandika `punguza.py *.jpg` kanamaliza folda nzima fresh, sasa wateja wengi wako Windows na kule kanagoma, eti hakuna faili linaloitwa *.jpg. Naona njia tatu: niwaambie watumie Git Bash (bash ya kuweka kwenye Windows), niandike upya kwa C kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) ishughulike, au glob (moduli ya kutafuta majina ya mafaili kwa nyota) humohumo ndani ya Python. Nyie mnatumia ipi?

baharia_seva: Mkuu anza na nani anaifungua hiyo nyota (`*`, yaani "jina lolote"). Kwenye Linux programu yako haijawahi kuiona, bash, ambayo ni sheli (programu inayopokea amri unazoandika), inaibadilisha kuwa majina ya mafaili kabla programu haijaanza, wewe unapokea orodha tayari. Mambo ya kale haya, Unix za mwanzo miaka ya 1970 zilikuwa na programu ya pembeni, `/etc/glob`, sheli ndo inaiita ifanye hiyo kazi, baadaye ikaingizwa ndani ya sheli yenyewe. cmd, sheli ya Windows, haifungui kitu, inakukabidhi maandishi kama yalivyoandikwa, na PowerShell, sheli nyingine, kule Windows vilevile ukiita programu ya nje. Git Bash itafanya kazi kwa sababu ni bash, ila kumsakinishia mteja bash ili apunguze picha za harusi ni kumtesa bure.

mama_kodi: C achana nayo kama sababu ni hii tu. Kwa walio na C tayari: kompaila ya Microsoft haifungui mpaka wakati wa kulinki (kuunganisha vipande vya programu) uongeze `setargv.obj` (`wsetargv.obj` kama unatumia wmain, ile main ya herufi pana), MinGW, kompaila nyingine ya Windows, yenyewe kwa kawaida inafungua bila kuombwa. Kwa hiyo kodi ileile, Windows ileile, unapata exe mbili zenye tabia tofauti, na anayetumia hajui kwa nini. Hiyo siipendi kabisa. Go na Rust nazo hazikufungulii, unajitegemea.

kijana_wa_dos: Watu wanaisema vibaya Windows lakini programu kuiona nyota kuna faida yake. `ren *.txt *.bak` inabadilisha majina yote kwa mstari mmoja kwa sababu ren inaona ruwaza zote mbili, `*.txt` na `*.bak`. Jaribu `mv *.txt *.bak` kwenye Linux: mafaili yakiwa mengi inalalamika kwamba cha mwisho si folda, likiwa moja tu na hakuna .bak yoyote linageuka jina kuwa `*.bak`, na nyota yenyewe ndani! Bash ikikosa inachotafuta inapitisha nyota kama ilivyo, angalau zsh (sheli nyingine) inakataa na kukwambia hakuna kitu.

baharia_seva: Hapo nakubali. Na folda ikiwa na mafaili mengi kupita kiasi unapata "Argument list too long" maana orodha yote inapita kwa kernel (kiini cha mfumo wa uendeshaji). Dawa ni `find . -name '*.jpg' -exec punguza.py {} +`, hizo alama za nukuu usizisahau, bila hizo bash inafungua nyota kabla find haijaiona.

fundi_picha: Sawa basi glob ndani ya Python. Niiweke iwe inafanya kazi kote, Linux na Windows?

mama_kodi: Hapana, tafadhali, Windows tu! Linux bash imeshafungua, ukifungua tena faili linaloitwa `picha[1].jpg` glob inasoma [1] kama kundi la herufi inakwenda kutafuta `picha1.jpg`, la kwako linarukwa kimyakimya na mteja anadhani limepunguzwa. Windows hairuhusu * wala ? kwenye jina la faili kwa hiyo ukiviona ujue ni ruwaza, si jina, mabano ya mraba inaruhusu kwa hiyo yalinde:

```
mafaili = []
for p in sys.argv[1:]:
    if os.name == 'nt' and ('*' in p or '?' in p):
        mafaili += glob.glob(p.replace('[', '[[]'))
    else:
        mafaili.append(p)
```

Orodha ikitoka tupu toa ujumbe na usimame, usimalize kama vile kazi imefanyika.

fundi_picha: Asante sana dada, imekubali kwenye cmd na PowerShell zote. Ila Linux sasa kuna picha za kamera inaziruka, Windows inazichukua zote.

baharia_seva: Hizo zitakuwa `.JPG` kwa herufi kubwa, kamera nyingi zinaandika hivyo. Glob ya Python kwenye Windows haijali kubwa wala ndogo, bash inajali. Andika `*.[jJ][pP][gG]` au washa `shopt -s nocaseglob` kabla.