Naombeni ushauri: siku moja Paris kwenye jumba la wanyama waliokaushwa

Mchora_Mistari
Wakuu, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Paris na mwanangu wa miaka 7, na nimetenga siku moja kwa ajili ya Musée de la Chasse et de la Nature, yaani makumbusho ya uwindaji na maumbile, kule mtaa wa Marais. Sote tunapenda kuchora. Tuanze na nini? Picha zinapigwaje kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu? Na je, ni kweli wanyama waliokaushwa zamani wana sumu? Halafu nawaza kupita Deyrolle, duka la wanyama na wadudu waliokaushwa, kununua kitu kidogo cha kurudi nacho.

KabatiLaKioo
Karibu mkuu. Jumatatu usiende, hufungwa. Panda metro namba 11, shuka Rambuteau, tembea hadi 62 rue des Archives. Tengeni muda wa saa tatu kama mtachora.

Jambo la kwanza la kujua: pale wanyama hawajapangwa kwa spishi kama kwenye makumbusho ya sayansi. Jengo lenyewe, Hôtel de Guénégaud (si hoteli, ni jumba la kale), lilijengwa miaka ya 1650 na msanifu François Mansart, makumbusho yakafunguliwa 1967, na 2007 yakaongezwa jumba la jirani, Hôtel de Mongelas. Wanyama wamewekwa kama wenyeji wa nyumba. Kuna mbweha aliyejikunja usingizini juu ya kiti cha kale, na watu wengi humpita bila kumwona kwa sababu macho yao yameshamkimbilia dubu mweupe aliyesimama kwa miguu miwili. Kwa hiyo kila mkiingia chumbani, simameni mlangoni kwanza. Tazameni viti, juu ya makabati, kisha inueni macho darini. Kuna chumba kidogo ambacho dari yake yote ni manyoya na vichwa vya bundi, kazi ya msanii Jan Fabre. Wasiotazama juu hutoka bila kuiona.

Mtoto atafurahia makabati ya mbao yenye droo. Kila kabati lina mnyama wake, mfano nguruwe mwitu, na ndani ya droo mna nyayo zake na hata kinyesi chake cha kuigiza. Droo hizo ziliwekwa zifunguliwe, msiogope. Ila mwandae mapema kwa chumba cha vichwa vya ukutani: kimoja, cha nguruwe mweupe, kina mashine ndani, hucheza na kuongea ghafla.

NgoziNaUzi
Nijibu la sumu. Ni kweli kabisa. Karne ya 18 mfamasia wa mji wa Metz, Ufaransa, Jean-Baptiste Bécoeur, alitengeneza sabuni yenye aseniki, ambayo ni sumu kali, ya kupaka upande wa ndani wa ngozi ili wadudu wasiile. Ilienea Ulaya nzima na ikaendelea kutumika hadi ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo mnyama yeyote wa zamani mchukulie kuwa anayo, hata kama huoni unga mweupe kwenye mashina ya manyoya au kuzunguka macho. Kutazama hakuna shida. Hatari iko kwenye kushika na kwenye vumbi. Mtoto asiguse, asitie penseli mdomoni, na muoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa kuchora, msianze na umbo zima, anzeni na uso. Fundi mzuri hujulikana kwenye kope: ukingo wake unalala juu ya jicho la kioo bila mwanya. Kisha tazama midomo, ndani ya pua na ukingo wa masikio. Hapo ngozi ni nyembamba, na hewa ikikauka sana husinyaa na kujivuta kutoka kwenye umbo lililo ndani. Ndipo mipasuko huanza. Mshono mrefu utautafuta tumboni au upande wa ndani wa miguu. Rangi nayo isiwadanganye: mwanga huchujua manyoya, mbweha mwekundu akabaki kama majani makavu.

Lenzi_Wazi
Picha: flashi zima. Mwanga wa vyumba vya namna hii hushushwa makusudi, mara nyingi karibu na lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ili manyoya yasififie. Kwenye kamera anza na tundu la lenzi f/2, kasi ya 1/60 ya sekunde, na wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200. Kwenye kioo, sogeza lenzi karibu kabisa bila kugusa, uikinge pembeni kwa kitambaa cheusi. Vaa nguo nyeusi pia, shati jeupe hujitokeza kwenye kila kabati.

Mchora_Mistari
Asanteni sana wakuu. Na Deyrolle je?

KabatiLaKioo
Iko 46 rue du Bac, tangu 1888, nayo imo ndani ya nyumba ya kale. Kuingia ni bure, wanyama wako ghorofani, Jumapili hufungwa. Kupiga picha hawaruhusu, chukua daftari.

NgoziNaUzi
Kabla ya kulipa, taka jina la kisayansi la mnyama kwenye risiti, halafu angalia kama yumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wale vipepeo wakubwa wa jamii ya Ornithoptera wamo, na bila kibali utanyang'anywa forodhani. Vipepeo wengi wa kawaida hawamo. Ila hata asiyehitaji CITES anaweza kuhitaji ruhusa ya mamlaka ya mifugo ya nchi unayorudi, hivyo iulize kabla ya kusafiri.

Ukifika nyumbani, mnyama wa manyoya usimweke moja kwa moja ukutani. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, mgandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili mayai ya nondo na ya wadudu wanaokula ngozi yafe. Ukimtoa usifungue mfuko siku hiyo hiyo. Mwache saa 24 apate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye manyoya na ukungu utaanzia hapo. Mwenye sehemu za nta usimgandishe kabisa, nta hupasuka. Huyo mtenge peke yake, ukague chini yake kila wiki. Ukiona unga laini au maganda madogo ya kahawia yenye vinyweleo, ujue tayari analiwa.