Mjadala: "Mimi nina mifupa mikubwa." BMI inawaonea wanawake wetu, au tunajifariji?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Habari za jioni, wadau. Kila zoezi la kupima afya bure likipita, iwe uwanjani au kanisani, akina mama wanatoka na kikaratasi chenye namba ya BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, na maneno mawili pembeni: "uzito uliozidi". Hesabu yake ni kilo gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Ikifika 25 umezidi, ikifika 30 ni kiribatumbo. Mizani haiulizi kama huyu ni mama wa Rungwe anayepanda mteremko na mkungu wa ndizi kichwani au ni mtu wa kukaa kaunta kutwa nzima.

Kanuni yenyewe aliianzisha Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, si tabibu, na alichokuwa anatafuta ni wastani wa watu wengi. Jina la BMI alilileta Ancel Keys wa Marekani mwaka 1972, kwa vipimo vya wanaume pekee! Hoja yangu: vituo viachane nayo kwa wanawake, vitumie jedwali la uzito kwa umbo dogo, la kati na kubwa, kama lile la kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya Marekani. Mwenye mifupa mikubwa apewe kilo zake. Pingeni kwa hoja.

Muuguzi, Iringa

Kamwene. Ndugu yangu, jedwali hilo umelisoma namba zake? Nachukua la mwaka 1983, mstari wa mwanamke wa futi 5 na inchi 4. Hapo wamehesabu kisigino cha inchi 1 na ratili 3 za nguo, kwa hiyo peku ni kama sentimita 160. Umbo dogo: ratili 114 hadi 127, yaani kilo 52 hadi 58. La kati: 124 hadi 138, kilo 56 hadi 63. Kubwa: 134 hadi 151, kilo 61 hadi 68 na nusu. Toa nguo kwenye ule mwisho kabisa wa umbo kubwa, unabaki na kilo 67, ambayo kwa sentimita 160 ni BMI ya 26 na ushei.

Kwa hiyo mwenye umbo kubwa anapata nyongeza ya kilo 5 hivi juu ya mwenzake wa kati. Haya, apewe. Mama wa kilo 85 kwa urefu huo yuko BMI 33, na jedwali lako halimsaidii hata kidogo. Mifupa yote ya mwanamke mzima, pamoja na uboho wake, ni kama kilo 8. Hata ikiwa minene kwa asilimia 20 kuliko ya jirani yake, hiyo ni kilo moja na nusu. Zinazobaki ni msuli na mafuta, na hapo ndipo pa kuangalia.

Anayetaka kujua umbo lake apime kifundo cha mkono wa kulia, pale kwenye mkunjo baada ya kile kifupa kinachojitokeza upande wa kidole kidogo, tepu ikiwa imegusa ngozi bila kukaza. Kisha urefu kwa sentimita gawanya kwa hicho kipimo. Kwa mwanamke, zaidi ya 11 ni umbo dogo, 10.1 hadi 11 la kati, chini ya 10.1 kubwa. Mwenye sentimita 160 na kifundo cha 15 anapata 10.7, umbo la kati. Kifundo kikiwa 16 anapata 10, kubwa. Tatizo la kipimo hiki ni kwamba mtu akinenepa sana hata kifundo hujaa, halafu mafuta yanahesabiwa kuwa mifupa. Ndiyo maana lile jedwali la 1983 liliegemea upana wa kiwiko, mfupa kwa mfupa. Matoleo ya miaka ya 1940 yalikuwa na maumbo matatu bila kueleza yanapimwaje, kila mtu akajichagulia. Mnajua wengi walichagua lipi.

Fundi cherehani, Mwanjelwa

Dada Muuguzi, shikamoo, lakini usiwacheke akina mama. Umbo kubwa lipo, sisi tunalishika kila siku. Lipo begani. Mteja akipungua, kiuno kinatoka inchi 3, kifua inchi 2, mikono inalegea, ila bega kutoka mfupa hadi mfupa linabaki palepale. Ndiyo maana fundi anayejua kazi anakata gauni kwa kufuata bega na mgongo, halafu kifua, kiuno anakibana mwishoni. Ukianzia kiunoni kwa mtu mwenye bega pana, mkono wa gauni utavutwa, na kila akiinua mkono gauni lote linapanda.

Ninachokataa ni kilo. Chukua wanawake wawili wa kilo 70, wote sentimita 160. Wa kwanza kiuno 30, nyonga 44. Wa pili kiuno 36, nyonga 40. Hizo ni inchi. BMI yao ni moja, 27 na kidogo, kikaratasi kimoja. Sketi ya huyu ukimpa yule, kiunoni haifungi na nyuma imening'inia. Ni miili miwili tofauti kabisa, halafu mnaipa jina moja.

Muuguzi, Iringa

Marahaba, fundi, na hapo umenisaidia bila kujua. Wa kwanza, 30 gawanya kwa 44 ni 0.68. Wa pili, 36 gawanya kwa 40 ni 0.90. Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke linaweka mpaka kwenye 0.85. Mafuta ya nyonga na mapaja hayana fujo sana. Ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga insulini na kupandisha presha na sukari. Kwa hiyo huyo wa pili ndiye wa kufuatilia, na bahati mbaya ndiye anayeitwa "ana mwili mzuri tu, katumbo kadogo ka uzazi".

Muuza mitumba, Makambako

Niseme la lebo, maana wengi wanajipima kwa hizo. "Mimi tangu nimalize shule navaa 14, sijanenepa." 14 ya wapi mama? Ya Uingereza ni 10 ya Marekani, 40 ya Ujerumani, 42 ya Ufaransa na 46 ya Italia. Ukikuta 40 kwenye rundo, kama nguo imetoka Ufaransa hiyo ni 12 ya Uingereza, kama ni ya Ujerumani ni 14. Ndani ya belo moja unazikuta zote. L ya nguo za China mara nyingi ni M ya Ulaya, na S ya Marekani mtu wa wastani anaingia vizuri tu.

Halafu viwanda vimekuwa vikipanua nguo na kuacha namba vilevile ili mteja afurahi. Marekani walikuwa na viwango rasmi vya saizi za wanawake, walivitoa mwaka 1958 wakavifuta 1983, na vilitokana na upimaji wa wanawake wazungu peke yao. Baada ya hapo kila kampuni na rula yake. Sketi za lastiki ndiyo usiseme, lastiki haina ushahidi wowote mahakamani. Mteja akija kwangu namwambia avae kwanza, lebo aisome akifika nyumbani.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Sawa. Lebo inadanganya, mizani haioni, jedwali halitoshi. Mnakubaliana nami kwamba BMI ya nini basi?

Afisa lishe, Njombe

BMI ina kazi ambayo tepu ya kiuno haiifanyi: inamkamata aliyepungua, chini ya 18.5. Huku kwetu hao bado wapo, wengine wanapungua kila mwaka miezi ya palizi kabla mahindi hayajakomaa. Usiifute. Iongezee kipimo.

Ila kuna jambo hamjaligusa, na kwa Nyanda za Juu Kusini ndilo kubwa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni kama 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na parachichi. Mtoto aliyedumaa anakua kuwa mama mfupi, halafu tunasema "ana umbo dogo, ni asili yao". Sehemu ya asili hiyo ni uji mtupu wa mahindi na mama kurudi shambani mapema. Na mwili uliokuzwa kwa upungufu, ukija kupata sembe, mafuta na soda utu uzima, unaelekea zaidi kwenye kisukari na presha.

Sasa angalieni hesabu. Mpaka wa kiuno unaotajwa kwa mwanamke ni sentimita 80, na 88 ni hatari zaidi. Mama wa sentimita 150 mwenye kiuno cha 78 anaambiwa yuko salama. Tumia kanuni nyingine, kiuno kisizidi nusu ya urefu, mpaka wake unakuwa 75, na tayari amezidi. Kwa mama wa sentimita 170 mpaka ni 85. Kanuni hiyo haihitaji mizani wala kikokotoo: chukua uzi wenye urefu wako, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Usipokutana, kiuno kimezidi.

Na kwa BMI pia, mfupi haonewi huruma: kwa sentimita 150, 25 inafika ukiwa na kilo 56 tu.

Mdau, Mafinga

Wataalamu mnasahau kwa nini watu huku hawataki kupungua. Mikoa yetu imeumizwa na UKIMWI kuliko mingi. Utafiti wa 2022–23 bado umeiweka Njombe juu kabisa, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mwanamke akipungua kilo 6, hata kwa kutembea na kuacha chipsi, mtaani wanaanza kuhesabu. Anayefanya biashara anaogopa hata wateja. Bonge anaonekana kanawiri, basi. Mkitoa kikaratasi cha "punguza uzito" bila kujibu hilo, kinafungiwa maandazi.

Muuguzi, Iringa

Hiyo ni kweli tupu, ila kitabibu dhana kwamba mwembamba ndiye mgonjwa imeshapitwa. Dawa za kufubaza virusi zinazotumika sasa, zenye dolutegravir, huongeza uzito, kwa wanawake zaidi. Mwili wa mtu hauwezi kukwambia hali yake, mnene wala mwembamba. Na hatumwambii mtu awe modo. Kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kushusha presha na sukari. Mama wa kilo 80, hiyo ni kilo 4 hadi 8, kwa miezi kadhaa. Jirani atachelewa kujua, fundi ndiye atajua kwanza.

Fundi cherehani, Mwanjelwa

Nitajua, ila tatizo ni kwamba kiuno changu na chako si kimoja. Mimi napima sketi inapokaa. Wengine wanavaa juu ya kitovu, wengine chini yake, tofauti inafika inchi 3. Na mteja akisimama mbele ya kioo anavuta tumbo ndani, kila mmoja. Mimi namwongelesha, akianza kujibu tumbo linarudi, hapo ndipo nasoma.

Muuguzi, Iringa

Mbinu nzuri, nitaiiba. Cha kliniki hakifuati sketi wala kitovu. Tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini, pembeni. Tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pembeni hapohapo. Katikati ya hizo mbili ndipo tepu inapita, sambamba na sakafu mbele na nyuma, juu ya ngozi au fulana nyepesi. Apumue kawaida, usome mwisho wa kutoa pumzi. Pima mara mbili, zikipishana zaidi ya sentimita 1 rudia. Korseti ivuliwe, fundo la khanga lifunguliwe. Nyonga pima pale makalio yalipojaa zaidi, si kwenye mfupa.

Na mwanzisha mada asiilaumu kanuni kwa makosa ya mpimaji. Mbeya mwezi wa saba mama anapanda mizani na sweta, koti, kitenge juu ya suruali na viatu. Hizo ni kilo 2, karibu pointi nzima ya BMI kwa mtu wa sentimita 160. Upande wa pili, rasta zilizofungwa juu au kilemba vinamwongezea sentimita 3 za urefu na kumpunguzia pointi nyingine. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si kwenye nyasi za uwanja. Nusu ya ugomvi wa vikaratasi ungeishia hapo.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Nalegeza kidogo: BMI ibaki, ila kikaratasi kiwe na kiuno na urefu, na lile neno "uzito uliozidi" lisiandikwe kabla tepu haijapita. Anayepima watu 300 kwa siku anasema hana muda. Tepu ni dakika moja. Hapo sirudi nyuma.

Mama wa Tukuyu

Samahanini, mimi nina swali tu. Anayenyonyesha mtoto wa miezi minne apimwe kwa kipi? Maana hapa kuna mtu kaambiwa kiuno kimezidi.

Afisa lishe, Njombe

Asipimwe kwa kiuno wala BMI, mama. Mjamzito, na aliyejifungua hadi miezi 6, tunapima mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Tunachotafuta hapo ni upungufu, si unene. Ale, anyonyeshe, tepu ya kiuno isubiri.