Tupeane uzoefu: Kazi ya walezi wa chekechea huonekana wapi baada ya miaka mingi?

Mwanzisha mada (mwalimu wa darasa la kwanza):
Ndugu zangu, kila mwaka, kabla juma la kwanza halijaisha, huwa nimekwisha kuwatambua watoto waliopitia mikononi mwa mlezi anayeijua kazi yake. Siwatambui kwa kusoma wala kuhesabu, kwa kuwa hayo wenzao huyafikia baada ya muda. Nawatambua kwa namna wanavyosubiri zamu, wanavyosema "sijaelewa" bila kuona haya, na wanavyoirudia kazi iliyoharibika badala ya kuichana karatasi. Naomba wenye visa vyao watueleze ni jambo gani hasa lililobaki.

Mwalimu wa chekechea:
Nilikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye kwa muhula mzima hakutamka neno darasani, ingawa nyumbani, kwa maelezo ya mama yake, alikuwa hanyamazi. Sikumlazimisha kuimba wala kujibu mbele ya wenzake. Alipokuwa akipanga vibao nilikaa sakafuni kando yake, nikawa nasema kwa sauti ya chini anachokifanya: sasa unaweka chekundu, sasa unatafuta kirefu. Siku moja nilikiita kirefu kile kifupi kwa makusudi, naye akanisahihisha bila kuniangalia. Niliendelea kana kwamba hakuna lililotokea, kwa sababu shangwe ingemrudisha kwenye ukimya wake. Leo ni kijana wa sekondari na hanikumbuki kabisa. Tulipokutana alinisalimu kwa adabu kama amsalimuvyo mtu mzima yeyote, kisha akaendelea kumsimulia mwenzake kisa kirefu kisichokwisha. Katika umri ule kusahau ni kawaida, ndiyo maana kazi yetu hukosa mashahidi.

Mzazi:
Kwetu kilichobaki ni sikio. Binti yangu alionekana mkaidi, na jina hilo lilikuwa limekwisha kumganda. Mlezi wake ndiye aliyebaini kwamba akiitwa kutoka kushoto haitiki, na kwamba wakati wa hadithi hujisogeza hadi akae upande uleule. Aliyaandika matukio hayo kwenye daftari pamoja na tarehe, akatuita faragha, akatushauri tumpeleke akapimwe. Yalikutwa majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, tatizo linalowapata watoto wengi wadogo na linaloweza kuchelewesha usemi lisipogunduliwa.

Mzazi mwingine:
Naomba kutofautiana kidogo. Mwanangu alipelekwa mahali ambapo watoto wa miaka mitatu walikaa kwenye madawati asubuhi nzima wakinakili herufi, na aliyekosea alifutiwa ukurasa mzima aanze upya. Aliingia darasa la kwanza akiwa anasoma, lakini leo, ana miaka 13, bado huifunika kazi yake kwa mkono mtu anapopita. Walitupigia sana methali ya samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba kukunja ni kuvunja. Hilo nalo limebaki.

Mkufunzi wa walimu:
Kisa hicho hakiipingi mada, kwani kinaonyesha kwamba alama hubaki kwa uzuri na kwa ubaya. Mfano unaojulikana ni mradi wa Perry huko Michigan, Marekani, ulioendeshwa kati ya 1962 na 1967 kwa watoto 123 wa familia maskini, ambapo 58 walipata darasa la awali na waliosalia hawakulipata. Waliosoma walitangulia katika vipimo vya akili, lakini pengo hilo likafutika ndani ya miaka michache, na laiti watafiti wangeishia hapo, wangetangaza kwamba fedha zimepotea. Walipowafuatilia hadi umri wa miaka 40 walikuta kwamba waliopata darasa lile walikuwa na ajira zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Kundi lilikuwa dogo, tusilikuze kupita kiasi. Hata hivyo, kunakili herufi hakukuwa msingi wa darasa lile: watoto walipanga wenyewe watakalofanya, wakalifanya, kisha wakalieleza, na walimu waliwatembelea nyumbani kila juma.

Mwanzisha mada:
Mzazi wa kijana wa miaka 13, watoto wa namna hiyo ninao kila mwaka. Huwa naanza nao kwa kazi nisizozisahihisha kabisa, kama michoro na vitu vya kuunda kwa mikono, hadi wenyewe waniite nije nitazame. Huchukua miezi, na kwa umri wake huenda ikachukua zaidi.