Mjadala: Je, matuta ya mkulima wa Murang'a yalipiwe kwenye bili ya maji ya Nairobi?

Takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka bonde la Tana ya Juu, na mto huohuo ndio unaozungusha mitambo ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mvua ikikoleza kwenye miteremko ya Murang'a, shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa kijito humwaga udongo wake mtoni, maji yakafika mtambo wa kusafisha yakiwa mekundu, na shabu ikazidishwa ili tope litulie. Shabu hiyo tayari iko kwenye bili. Kwa hiyo nasema gharama ya kuzuia udongo huko juu nayo iingizwe humo, kama ilivyo ya mabomba.

Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima wa huko juu kuhifadhi udongo, ulipozinduliwa mwaka 2015, uchambuzi wake ulikadiria kwamba dola milioni 10 zingezaa faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Jumla hiyo hunukuliwa sana, lakini nani anafaidi kiasi gani hakusemwi sana: kwa mwaka, wakulima hadi dola milioni 3 katika mavuno, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, zaidi ya dola 600,000, na kampuni ya maji ya jiji takriban dola 250,000 tu. Kila mmoja akitazama faida yake peke yake, ana sababu ya kumngoja mwenzake atangulie.

Mtaniuliza: kama mkulima ndiye anayefaidi zaidi, kwa nini asilipe mwenyewe? Mwenye nusu ekari anayechimba matuta ya fanya juu hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, akapanda nyasi za nepia kwenye kingo ili mizizi iushike. Msimu huo amepoteza siku za kazi na ukanda wa shamba. Nepia itamlisha ng'ombe baadaye, ilhali karo inadaiwa sasa. Asaidiwe mwanzoni, si daima.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la wahandisi: ukuta wa zege una mkandarasi wa kushtakiwa, je, tuta likibomoka ashikwe nani? Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodai kwamba miti itachukua nafasi ya mabwawa. Hakuna tuta litakaloweka akiba ya kiangazi kama bwawa la Ndakaini. Ninachotaka ni mkataba wenye fungu la matengenezo, na malipo yanayofuata kipimo cha tope mtoni badala ya idadi ya miche iliyogawiwa mbele ya kamera (miche mingi ya namna hiyo hukauka kabla ya mvua ya pili).

Sina uhakika pesa hizo zishikwe na nani. Murang'a imewahi kudai mgao wa mapato ya maji haya, nami nahofia fungu likipita kwenye akaunti ya jumla ya kaunti, litaishia kwenye mishahara. Wanaoijua sheria ya maji watuambie: linaweza kufungwa kisheria kwa kazi hii pekee?