Mrejesho: ile safari ya kundi Peru na Galápagos, tumerudi salama

Wakuu habari, nliuliza hapa kama mimi na mke wangu tujiunge na safari ya kundi yenye mwongoza watalii, msitu wa Amazon wa Peru, Machu Picchu (magofu ya mji wa kale wa Wainka) halafu visiwa vya Galápagos huko Ecuador, au twende wenyewe, maana Kihispania hatujui hata salamu. Tulienda na kundi na sijuti.

Msituni tulishukia mji wa Puerto Maldonado tukaingia hifadhi ya Tambopata kwa boti, alfajiri unaamshwa kwenda kuona makasuku wakubwa wanakula udongo kwenye ukingo wa mto, kelele zake sasa! Mbu usiseme, chanjo ya homa ya manjano chomeni mapema.

Mji wa Cusco, kwenye milima ya Peru, ndo ulitunyoosha, uko kama mita 3,400 juu, kichwa kinagonga, ngazi mbili tu unahema. Wanakupa chai ya majani ya koka (mmea unaotoa kokeini), inasaidia kidogo, ila msiyabebe kurudi nayo maana nchi nyingi ni kosa la jinai. Machu Picchu yenyewe iko chini zaidi so pale unapumua, tiketi ina saa na njia yake maalum hamna kuzurura, kuta zile mawe yamebanana bila saruji wala nini.

Galápagos kiingilio cha hifadhi kwa wageni wengi ni dola 200 toka Agosti 2024, tena kesh, na bei ya kundi letu haikuihesabu, ulizeni kabla hamjalipa. Ila simba wa baharini kalala kwenye benchi la watu, hana habari na wewe, na mwongoza watalii anakukumbusha kila saa ukae mita mbili. Mke wangu anataka turudi, hela sijui atatoa nani.